Gari la maji hakuna, ila seli za fueli zipo

Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp huku Arusha, gari eti linatembea kwa maji, jamaa anamimina chupa kwenye tenki afu anawasha, na kila ikirushwa kuna mtu lazima aniulize kwa vile mi ndo nafunga sola na inveta mtaani, oya fundi hii vipi, tuachane na petroli? Sasa ngoja niandike hapa mara moja, siku nyingine natuma linki tu.

Maji hayaendeshi gari. Maji ni haidrojeni iliyokwisha kuungua, kwa hiyo kuyajaza kwenye tenki ni sawa na kutaka kuivisha makande kwa majivu. Kitu cha kweli ambacho hizo klipu zinakiharibia jina kinaitwa seli ya fueli, na chenyewe kinakula haidrojeni, maji yanatokea kwenye bomba la nyuma.

Ndani iko hivi. Pande mbili, katikati kuna utando mwembamba wa plastiki maalum. Upande mmoja unaingiza haidrojeni, inagusa chembechembe za platinamu na kila atomu inaachana, protoni huku elektroni kule. Ule utando unapitisha protoni tu, elektroni inabaniwa, kwa hiyo haina ujanja, inazunguka nje kwa waya, na huko kwenye waya ndo unachomeka taa au mota yako. Ikifika ng'ambo inakutana na protoni pamoja na oksijeni ya hewani, vinakuwa maji. Hakuna moto hapo, hakuna pistoni, kelele ni za feni na pampu basi. Na tofauti na betri, hii haitunzi umeme, gesi ikija inatoa, gesi ikikata nayo inakata.

Ila seli moja ikibeba mzigo inatoa kama volti 0.7 tu, kwa hiyo zinabanwa nyingi pamoja, ukitaka volti 12 za inveta yako ya nyumbani ni kama seli 17 hivi.

Na sio kitu cha juzi. William Grove wa Wales alishaanza kuionyesha 1839, halafu Mwingereza mmoja, Francis Thomas Bacon, mwaka 1959 akaifikisha kilowati 5, na kazi yake ndo ilizaa zile seli zilizopanda na Apollo kwenda mwezini, wanaanga wakawa wanapata umeme na maji yake wanakunywa. Apollo 13 mwaka 1970 tenki la oksijeni lilipolipuka umeme ndo uliokufa, maana seli bila oksijeni ni chuma tu.

Aina zake zina majina mengi lakini uliza vitu viwili tu, katikati kumewekwa nini na inataka joto kiasi gani. Za Apollo zilikuwa za alkali, nzuri sana ila kaboni dayoksaidi ya hewa ya kawaida inaziharibu. Za asidi ya fosforiki na za kaboneti iliyoyeyuka ni mitambo ya majengo makubwa na viwanda, hizo tuziache. Zipo na ndogo za methanoli. Hii ya utando niliyoielezea inafanya kazi kwenye nyuzi 80 hivi, inawaka haraka, ndo maana iko kwenye magari kama Toyota Mirai iliyoanza kuuzwa 2014. Shida yake platinamu ni ghali, na haidrojeni ikiwa na kaboni monoksaidi hata kidogo seli inalewa.

Mi ninayoipenda ni ya oksaidi ngumu. Katikati ni seramiki, platinamu haihitajiki, na hapo mambo yanageuka, ioni za oksijeni, yaani chembe zake zenye chaji ya umeme, ndo zinavuka kuifuata fueli, kwa hiyo inaweza kula gesi asilia, hata gesi ya mtungi ikiandaliwa vizuri. Lakini inataka nyuzi 600 mpaka 1000, na kuipasha taratibu seramiki isipasuke ni masaa, umeme ukikatika Sakina saa moja jioni mpaka ije ipate moto umeme usharudi.

Sasa hesabu, maana watu wa klipu hawaigusi. Haidrojeni haichimbwi Mirerani kama tanzanaiti, nyingi duniani inatengenezwa kwa gesi asilia na kaboni inatoka hapohapo. Ukisema utaitoa kwenye maji kwa sola yako, kilo moja inakula yuniti 50 na kitu, halafu ukiirudisha kupitia seli unapata 17, ukibahatika 20. Yuniti hizohizo 50 ukiziweka kwenye betri ya lithiamu unatoa kama 45. Kwa hiyo ndugu yangu mwenye saluni Ngarenaro, we funga paneli na lithiamu. Seli za fueli waachie wanaohitaji umeme siku nyingi mfululizo sehemu ambayo betri itakuwa mzigo, minara ya simu huko porini kwa mfano, na hata hao kwanza wawe na mtu wa kuwapelekea mitungi.