Gari limeuzwa, bima bado ina jina la kijana

Kijana anapouza gari lake hufikiria kwanza fedha, kisha kadi ya gari, na bima huwa haimjii akilini kabisa. Nimeliona jambo hilo kwa vijana kadhaa hapa Tabora, na mwaka huu limefika nyumbani kwetu, kwa mpwa wangu wa miaka 22, ambaye aliuza Toyota Probox yake ili apate ada ya chuo. Mnunuzi alitoka Urambo, mkataba wa mauziano ukaandikwa kwa wakili, fedha zikaingia benki, na gari likaondoka likiwa na stika ya bima kwenye kioo cha mbele. Nilipomuuliza kuhusu bima alinijibu kwa heshima, kama kawaida yake: "Mjomba, si imekwenda na gari?" Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu watu wazima wengi wangejibu vivyo hivyo, na ndani yake mna hatari ambayo kijana wa umri huo hana uwezo wa kuibeba.

Bima haifanani na tairi la akiba, ambalo huuzwa pamoja na gari bila mtu kuulizwa. Ni mkataba kati ya kampuni na mtu aliyetajwa katika hati ya bima, na kampuni ilikubali kumkinga mtu huyo baada ya kuelezwa yeye ni nani, gari litatumika kwa kazi gani na nani ataliendesha. Anapoliuza, hana tena maslahi yoyote katika gari hilo: likiungua hapati hasara, likiibwa hapati hasara, na msingi wa yeye kulipwa fidia unakuwa umeondoka. Mnunuzi naye hajawahi kukubaliwa na kampuni, hata kama stika iko kwenye kioo na tarehe yake haijapita. Matokeo yake ni gari linaloonekana lina bima huku, kwa upande wa uharibifu wa gari lenyewe, hakuna mtu yeyote anayeweza kusimama mbele ya kampuni na kudai.

Kilichonipa wasiwasi zaidi ni matumizi ya gari hilo baada ya mauzo. Yeyote anayesafiri huku kwetu anajua Probox ikinunuliwa na mtu wa njia ya Urambo na Kaliua hufanya kazi gani: inakuwa mchomoko, yaani gari dogo la abiria wa kulipa, inabeba abiria kupita idadi ya viti, na mizigo inafungwa juu. Bima ya mpwa wangu ilikuwa ya gari la matumizi binafsi, na bima ya kubeba abiria kwa malipo ni nyingine, yenye ada yake na masharti yake. Sasa fikiria gari hilo linapata ajali likiwa limejaa watu, kadi bado ina jina la kijana aliye chuoni, na askari wa usalama barabarani akihakiki namba ya gari katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA, anakuta bima yenye jina hilo hilo. Mtu wa kwanza kutafutwa ni yeye. Huenda mwishowe ataonyesha mkataba wa mauziano na kueleweka, lakini kabla ya hapo ataitwa kituoni, na familia itatafuta wakili kwa fedha zilizokuwa za ada ya chuo. Hata bila ajali, faini za barabarani huandikwa kwa namba ya gari, nazo hukusanyika bila yeye kujua.

Kwa hiyo jambo la kwanza tulilolifanya lilihusu kadi. Tuliwasiliana na mnunuzi, akakubali bila ugomvi, tukakamilisha uhamisho wa umiliki Mamlaka ya Mapato, TRA, kwa namba za mlipakodi za pande zote mbili, vitambulisho vya taifa vya NIDA, kadi halisi na mkataba. Naona ni vema uhamisho utangulie kufuta bima, au vyote viwili vifanyike siku moja, kwa sababu Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, hairuhusu gari kuwa barabarani bila bima ya kuwakinga watu wengine. Ukifuta bima huku gari bado lina jina lako na linaendeshwa na mtu mwingine, umejiondolea kinga na kubaki na lawama. Mnunuzi aliambiwa wazi, na ikaandikwa, kwamba kuanzia tarehe fulani atakuwa na bima yake mwenyewe. Katika mikataba mingi ya mauziano niliyoisoma kifungu hicho hakimo, na ningependa mawakili wakiweke kila mara, pamoja na saa ya makabidhiano, kwa kuwa ajali ikitokea jioni ya siku ya mauzo, tarehe peke yake haitaonyesha gari lilikuwa mikononi mwa nani.

Baada ya hapo ndipo tukaandika barua kwa kampuni ya bima. Vijana wengi hudhani kumpigia simu wakala au kumtumia ujumbe kunatosha, na wakala naye, kwa wema, hujibu kwamba ameelewa. Wakala ni mtu wa kuaminika mara nyingi, lakini mkataba umeandikwa na unapaswa kufutwa kwa maandishi. Barua ya mpwa wangu ilikuwa ya ukurasa mmoja: jina lake kama lilivyo kwenye hati, namba ya hati, namba ya gari, tarehe ya kuuza, ombi la kufuta bima kuanzia tarehe aliyoitaja, ombi la kurejeshewa sehemu ya ada iliyobaki, na namba yake ya akaunti. Aliambatisha nakala ya mkataba na ya kadi mpya. Nakala ya pili ya barua iligongwa muhuri wa kupokelewa, na nilisisitiza muhuri huo kwa sababu pasipo nao hakuna ushahidi wa siku ambayo kampuni ilifahamishwa. Kama gari limenunuliwa kwa mkopo, hakikisha pia kwamba benki imekubali, kwani mara nyingi jina lake limo katika hati ya bima pamoja na la mwenye gari.

Kuhusu fedha, ni vizuri kijana aelezwe mapema ili asijenge matumaini makubwa. Mpwa wangu alikuwa na bima kubwa, yaani ile inayofidia pia uharibifu wa gari lenyewe, ambayo kwa gari binafsi kwa kawaida hutozwa asilimia 3.5 ya thamani yake. Gari la shilingi 9,000,000 hulipiwa 315,000, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, ambayo ni 56,700, huongezwa juu yake. Ukiuza katikati ya mwaka, hesabu ya moyoni husema utarejeshewa nusu ya ile 315,000, yaani 157,500. Hati nyingi hazisemi hivyo. Kampuni ikivunja mkataba yenyewe hurejesha kwa uwiano wa siku zilizobaki, lakini mteja akivunja hutumia jedwali la muda mfupi, ambalo hukata zaidi kwa miezi ya mwanzo, na miezi michache ya mwisho hairejeshi chochote. Ikiwa mteja alishalipwa fidia ndani ya mwaka huo, asitarajie kitu. Jedwali hilo liombwe na lisomwe kabla ya kuandika barua. Kama kijana anakusudia kununua gari lingine karibuni, ni afadhali aiombe kampuni ibadilishe gari katika hati hiyo hiyo na alipe au arejeshewe tofauti tu. Njia hiyo haikumfaa mpwa wangu kwa kuwa hana mpango wa gari hadi amalize masomo.

Wenye bima ndogo, yaani ile ya kuwakinga watu wengine tu, wataniuliza kama usumbufu huu una faida kwao. Bima hiyo kwa gari binafsi imekuwa ikilipiwa shilingi 118,000 kwa mwaka pamoja na kodi, na kitakachorudi kinaweza kuwa kidogo mno. Jibu langu ni kwamba wafute vilevile, hata kama hakuna shilingi itakayorudi, kwa sababu kinachotafutwa hapo ni kuondoa jina lao kwenye gari wasilolimiliki.

Nimeona pia vijana wakisoma mtandaoni ushauri wa Uingereza na kuuchukua mzima mzima. Kule umri wa dereva hupandisha ada mara nyingi zaidi ya ile ya mtu mzima, wengi hulipa kidogo kidogo kila mwezi, na mkataba mpya huwa na siku 14 za kujifikiria na kuuvunja. Huku kwetu bima ndogo ina bei moja kwa kijana wa miaka 20 na mzee wa miaka 60, na ada hulipwa yote kabla ya kinga kuanza. Ujana unahesabika zaidi katika bima kubwa, kwa kuwa hati nyingi humtaka dereva mwenye umri mdogo au mwenye leseni changa achangie kiasi kikubwa zaidi kila anapodai. Kwa sababu hiyo kijana asiyewahi kudai ana kitu cha thamani mkononi, na akifuta bima bila kukiomba kwa maandishi ni rahisi kikapotea.

Kitu hicho ni barua ya kuthibitisha kwamba katika muda wote wa bima hakudai fidia yoyote. Mpwa wangu aliiomba pamoja na uthibitisho wa kufutwa kwa bima, na kampuni ikavitoa vyote viwili bila malipo, ingawa ilibidi akumbushie. Mtu anayecheleweshwa bila sababu anaweza kuandika malalamiko kwa kampuni yenyewe, kisha TIRA, na mgogoro ukikomaa kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kwetu haikufika huko. Barua zote mbili ziko kwa mama yake pamoja na nakala ya mkataba, na siku atakaponunua gari jingine atakwenda nazo kwa kampuni yoyote atakayoichagua ili aombe punguzo la mteja asiyewahi kudai.