Kupokea faili kubwa kwa Node.js, Deno na Bun: kumbukumbu ya mradi wangu, Lubumbashi

Mradi huu unahusu seva moja ndogo itakayopokea video kutoka kwa wapiga picha wa harusi na wa kwaya hapa Lubumbashi, ili kazi yao imfikie mhariri bila mtu kukodi taksi akiwa na kadi ya kamera mfukoni. Karibu kila faili wanayoileta ina ukubwa ule ule, na sababu ni kadi zenyewe. Kadi za SD za hadi gigabaiti 32 kwa kawaida huandaliwa kwa mfumo wa FAT32, na mfumo huo haukubali faili moja ifikie baiti 4,294,967,296, kwa hiyo kamera huikata sherehe katika vipande vya karibu gigabaiti 4. Kipande kama hicho ndicho nilichokitumia katika vipimo vyote ninavyoviandika hapa.

Swali la mwanzo lilikuwa la kasi. JavaScript, lugha ninayoiandikia seva hii, inaweza kuendeshwa kwenye seva kwa mazingira matatu yanayojulikana zaidi, na kila moja lina watetezi wake. Node.js ilianzishwa na Ryan Dahl mwaka 2009; inatumia injini ya V8, inayouendesha msimbo wa JavaScript, na maktaba ya libuv iliyoandikwa kwa C, inayoshughulikia mtandao na faili. Dahl huyo huyo aliitangaza Deno mwaka 2018, akiacha V8 mahali pake lakini akijenga sehemu nyingine kwa lugha ya Rust. Bun, kazi iliyoanzishwa na Jarred Sumner, ilifikia toleo la 1.0 mwezi wa tisa mwaka 2023. Imeandikwa kwa sehemu kubwa kwa lugha ya Zig na inatumia JavaScriptCore, injini ya WebKit. Sifa ya Bun ni kasi, na vipimo vinavyoonyeshwa mara nyingi ni vya maombi madogo mengi kwa sekunde moja. Mimi nilitaka kujua kama sifa hiyo inabaki pale ombi moja linapokuwa na gigabaiti 4.

Mwezi wa pili: waya mmoja, kompyuta mbili

Niliunganisha kompyuta mbili kwa waya wa gigabiti 1, moja ikituma kwa `curl -T` na nyingine ikipokea. Waya kama huo hubeba megabaiti 125 kwa sekunde kwenye karatasi, na ukiondoa vichwa vya pakiti hubaki kama 117, kwa hiyo faili yangu haiwezi kufika chini ya sekunde 37 hivi, hata seva ingekuwa na nguvu kiasi gani.

Kabla ya kulinganisha chochote ilibidi niondoe udanganyifu wa Linux, ambao hauna nia mbaya lakini huharibu vipimo. Programu inapoandika kwenye diski, kernel, yaani kiini cha mfumo wa Linux, huzipokea baiti katika kumbukumbu yake (RAM) kwanza na kuijibu programu kwamba kazi imekwisha, kisha huzishusha kwenye diski kwa wakati wake. Kwa mpangilio wa kawaida inaruhusu data zinazosubiri namna hiyo kufikia asilimia 20 ya kumbukumbu inayopatikana kabla ya kumlazimisha mwandishi kungoja. Ndiyo maana faili ndogo huonekana kupokelewa kwa kasi ya ajabu, na faili kubwa huanza mbio kisha ikapunguza mwendo katikati. Niliamua kwamba saa haisimami mpaka irudi `fsync`, amri inayongoja baiti zifike kwenye diski yenyewe, na kwamba akiba ya kernel inafutwa kabla ya kila zamu.

Kwa diski ya kuzunguka, mazingira yote matatu yalikwenda mwendo wa diski. Kwa SSD, diski isiyo na sehemu inayozunguka, yote matatu yalikwenda mwendo wa waya. Walifuatana kwa karibu mno hivi kwamba aliyetangulia zamu hii alikuwa wa mwisho zamu inayofuata, na sikuona sababu yoyote ya kuuita mpangilio huo ushindi.

Ukiangalia kinachofanyika ndani, matokeo hayo yanaeleweka. libuv huomba bafa (nafasi ya muda kwenye kumbukumbu) ya baiti 65,536 kila inaposoma soketi, yaani mlango wa kiunganisho cha mtandao, maana yake ni kwamba faili yangu yote ni vipande kama 65,536, na kwa kasi ya waya ule ni vipande visivyofika 2,000 kwa sekunde. Kwa kila kipande, JavaScript hupokea tu rejeo la mahali baiti zilipo na kulikabidhi kwa anayeandika. Kunakili kwenyewe hufanywa na kernel na msimbo wa C, wa Rust au wa Zig. Injini ya JavaScript, ambayo ndiyo watu hubishania, karibu haina kazi hapa.

Kumbukumbu

Tofauti kubwa niliyoiona katika mradi mzima haikuwa kati ya mazingira na mazingira, bali kati ya namna mbili za kuandika mistari michache ndani ya mazingira yale yale.

Namna ya kwanza ni kukusanya: unapokea vipande vyote katika orodha, mwishoni unaviunganisha kwa `Buffer.concat`, kisha unaandika. Mifano mingi ya wanaoanza imeandikwa hivi, na kwa picha ya megabaiti 2 haina ubaya. Nilitaka kuona inavyoishia kwa faili ya harusi, kwa hiyo niliiendesha kwa makusudi kwenye kompyuta ya gigabaiti 8 iliyozimwa swapu (sehemu ya diski inayosaidia kumbukumbu ikijaa), huku dirisha la pili likionyesha kumbukumbu inayotumika. Ilipanda taratibu na bila kusita mpaka gigabaiti 4, kwa sababu vipande vyote bado vinashikiliwa, ndipo `Buffer.concat` ikaomba nafasi nyingine ya ukubwa ule ule kwa ajili ya nakala iliyounganishwa, na kernel ikaiua programu pale pale, faili ikiwa imeshafika yote lakini haijaandikwa hata baiti moja. Kuita `arrayBuffer()` au `formData()` katika Deno na Bun kunaleta shida ya jamii hiyo hiyo, kwani faili nzima hukaa kwenye kumbukumbu kabla hujaigusa.

Namna ya pili ni kuziachia baiti zipite kama mkondo. Katika Node ni `await pipeline(req, createWriteStream(njia))`. Katika Deno ni `await req.body.pipeTo(faili.writable)`, katika Bun nilizungushia `for await` juu ya `req.body` na kusubiri kila kipande kiandikwe kabla ya kuchukua kinachofuata. Kusubiri huko ndiko kwenye uzito. Diski ikichelewa, msomaji husimama. Msomaji akisimama, bafa ya soketi hujaa. Ikijaa, TCP, protokali inayosafirisha baiti hizo, humwambia mtumaji apunguze. Katika Node, `write()` hurudisha `false` ili kukuonya, na anayelipuuza onyo hilo kwa kuandika mwenyewe ndani ya tukio la `data` amerudi kwenye kukusanya bila kujua. `pipeline` hukutunzia jambo hilo, na pia hufunga faili mtumaji anapokatika katikati, jambo ambalo `pipe()` ya zamani haifanyi.

Mwezi wa tatu: mipaka isiyoonekana

Vipimo vya waya havikunifundisha mengi kuhusu kazi halisi, kwa kuwa hakuna mpiga picha wa mtaa wa Katuba au wa Kenya, hapa mjini, atakayekuja na waya wake. Nilipopunguza kasi ya mtumaji hadi megabiti 5 kwa sekunde, tabia za mazingira haya zikaanza kutengana, na kilichozitenganisha ni thamani ambazo kila moja limewekewa tangu mwanzo.

Kwa megabiti 5 faili yangu inahitaji karibu saa 2. Node, tangu toleo la 18, ina `requestTimeout` ya sekunde 300, inayohesabu muda wa kupokea ombi lote pamoja na mwili wake, yaani faili yenyewe. Katika sekunde hizo 300, kwa kasi hiyo, zinaingia megabaiti 187 na nusu tu. Kisha seva hujibu 408 (muda umekwisha) na kufunga mlango, hata kama mtumaji anaendelea kutuma vizuri kabisa. Huo ni ulinzi dhidi ya wanaoshikilia viunganisho kwa makusudi, na ninauheshimu, lakini kwa mji ambao watu wake wanatuma polepole kwa sababu ya hali ya mtandao, mpaka huo ni lazima ufikiriwe na si kuachwa ulivyo.

Bun ilikataa mapema zaidi na kwa sababu nyingine: `maxRequestBodySize` yake ni megabaiti 128 usipoibadilisha, na ombi linalozidi hapo hujibiwa 413 (mwili ni mkubwa mno). Ina pia `idleTimeout` ya sekunde 10, ambayo haijali ombi limechukua muda gani kwa jumla bali hukata pale kiunganisho kinapokaa kimya. Anayetuma kwa simu anajua kwamba kimya cha sekunde 10 ni jambo la kila siku. Deno iliipokea faili ile bila kuongezewa chochote zaidi ya ruhusa zake, ambazo nitazirudia. Na ukiweka nginx, seva inayopokea maombi na kuyapeleka kwa seva nyingine, mbele ya yeyote kati yao, kumbuka kwamba `client_max_body_size` yake ni megabaiti 1, na kwamba kwa kawaida huipokea faili yote kwenye diski yake kwanza ndipo iipeleke nyuma, kwa hiyo diski moja inaandika kazi ile ile mara mbili.

Mwezi wa nne: njia mbovu kwa makusudi

Hapa nilitumia `tc` na `netem`, zana za Linux za kuiga mtandao mbovu, kuongeza ucheleweshaji wa milisekunde 180 kwenda na kurudi, pamoja na kupotea kwa pakiti 1 katika kila 100. Hesabu inayojulikana ya TCP ya kawaida inasema kasi haiwezi kuzidi sana ukubwa wa pakiti ukigawanywa kwa muda wa kwenda na kurudi na kwa kipeuo cha pili cha kiwango cha upotevu. Kwa pakiti ya baiti 1,460 inatoka chini ya kilobaiti 100 kwa sekunde, yaani megabiti 0.8, na faili moja ya gigabaiti 4 inakuwa kazi ya saa 12. Hakuna mazingira ya JavaScript yanayoweza kugusa namba hiyo, kwa sababu TCP inakaa ndani ya kernel, na kernel ni moja kwa wote watatu.

Mtu angeweza kushauri kuwasha BBR kwenye seva. BBR ni njia ya Google ya kuongoza kasi ambayo haichukulii kila pakiti iliyopotea kama dalili ya msongamano, na ninaipenda, lakini uongozi wa kasi hufanywa na upande unaotuma. Katika kupakia, anayetuma ni kompyuta au simu ya mpiga picha, si seva yangu. Ukiiwasha kwenye seva utawasaidia wanaopakua tu.

Kijana mmoja anayepiga picha za kwaya alikuwa ananitazama nikipima, akaniuliza, akiniita yaya kama hapa tunavyomwita ndugu mkubwa: «Yaya, umeme ukikatika faili ikiwa imebakiza kidogo, ninaanza tena mwanzo?» Swali lake lina maana kuliko lile nililoanza nalo mimi, na tangu siku hiyo kazi ya mradi imelifuata.

Nimechukua protokali ya tus, ya kuendeleza upakiaji uliokatika. Mtumaji huuliza kwa `HEAD`, seva humjibu kwa kichwa cha `Upload-Offset` kuwa ina baiti ngapi, naye huendelea kutoka hapo kwa `PATCH`. Akitaja mahali pasipolingana hupewa 409 (mgongano). Ninakata vipande vya megabaiti 8, ambavyo hata kwa megabiti 0.8 vinapita kwa sekunde 80, chini kabisa ya sekunde 300 za Node na mbali na megabaiti 128 za Bun. Mipaka hiyo miwili niliyoilalamikia mwezi wa tatu haina tena la kusema.

Jambo moja ni lazima lifanywe kwa uangalifu. Seva isimwambie mtumaji «nimepokea mpaka hapa» kabla ya `fsync` kurudi. Umeme ukikatika upande wa seva wakati baiti bado ziko kwenye akiba ya kernel, mtumaji ataendelea kutoka mahali ambapo diski haikufika, na katikati ya video ya mtu patakuwa na tundu ambalo halionekani mpaka siku ya kuhariri. Node inayo `sync()` kwenye faili iliyofunguliwa, Deno inayo pia, na katika Bun nilipitia `node:fs`. Gharama yake kwa kila megabaiti 8 ni ndogo mbele ya sekunde 80 za mtandao.

Ilipofikia

Kwa kuwa kasi haikuchagua, nimechagua kwa usalama, na nimechukua Deno. Seva hii inapokea faili kutoka kwa watu nisiowajua wote, na ninaiendesha kwa `--allow-net=:8000` pamoja na `--allow-read` na `--allow-write` za folda moja tu, hivi kwamba hata mtu akipata njia ya kuidanganya kwa jina la faili haiwezi kuandika nje ya folda hiyo. Node nayo ina utaratibu wa ruhusa ulioanza kama jaribio katika toleo la 20, lakini usipouwasha programu inaruhusiwa kila kitu, na mimi ninapendelea mlango unaoanza ukiwa umefungwa.

Upande wa seva umekamilika kwa matumizi ya studio. Ninachoandika sasa ni ukurasa wa simu, unaokata faili kwa `Blob.slice` na kutunza anwani ya kazi iliyoanzwa ndani ya kivinjari, ili simu ikizimwa na kuwashwa tena iulize yenyewe ilipoishia.