Barolo na ukakasi wake

Wapenzi wa mvinyo mtamu kama juisi, hii si yenu. Niko Alba, Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia, na jana nilikaribishwa glasi ya Barolo, mvinyo mwekundu wa huku.

Ukiutazama tu unaweza kuudharau. Wekundu wake umefifia, na ukiinamisha glasi, ukingoni unaona rangi ya tofali. Ukinusa, kwanza waridi, halafu lami. Ndiyo, lami ya barabarani, na inanukia vizuri ajabu! Sasa piga funda moja: ukakasi unashika fizi, mdomo unakauka kana kwamba umetafuna bibo ambalo halijaiva.

Zabibu ni Nebbiolo tupu, hakuna kuchanganya. Huchumwa Oktoba, wakati aina nyingi nyingine zimeshavunwa. Sheria inataka mvinyo ukae angalau miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo ndani ya pipa la mbao. Ukitaka Riserva, yaani Barolo iliyokomazwa zaidi, ni miezi 62. Subira ya watu hawa!

Chupa yetu ilikuwa ya 2016, na mwenyeji aliifungua mapema ipate hewa. Bado ulikuwa mkali, mpaka ilipoletwa nyama ya ng'ombe iliyopikwa taratibu ndani ya Barolo. Hapo ukakasi ukalegea, ladha ya cheri ikajitokeza. Mafuta ya nyama ndiyo dawa yake. Kuunywa bila chakula, mimi hapana.

Bei tusiiongelee. Kuna aliyeonja Barbaresco, ndugu yake wa jirani? Wenyeji wanasema ni mpole zaidi.