Zaburi ya kijiji kilichopitiwa na vita

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii tusome Zaburi 74, isomeni yote kabla hamjaendelea hapa maana mimi naenda moja kwa moja Kyaka, kule Kagera karibu na mpaka wa Uganda.

Vita vya Kagera wengi tunavijua kwa ile hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978, uwezo tunao, sababu tunazo, nia tunayo, na tunajua mwisho wake, Kampala ilianguka Aprili 1979, nduli Idi Amin wa Uganda akakimbia. Katikati ya hapo kuna vijiji. Na shida ya vile vijiji ilianza zamani sana kabla hata Amin hajazaliwa, maana Waingereza na Wajerumani mwaka 1890 waligawana kwa kuchora mstari kwenye ramani, digrii moja kusini ya ikweta, wala hawakufuata mto, ndo maana kuna kipande cha Tanzania kiko kaskazini ya mto Kagera. Amin alipotuma majeshi mwishoni mwa Oktoba 1978 akasema mpaka wa haki ni mto, kwa hiyo kipande chote ni cha kwake. Mwenye shamba la migomba pale hakuulizwa 1890 na hakuulizwa 1978!

Daraja la Kyaka ndo lilikuwa njia ya kuvuka. Ndege za Uganda zilijaribu kulipiga mabomu zikalikosa, mwisho akaletwa fundi wa baruti kutoka machimbo ya Kilembe kule Uganda, tarehe 3 Novemba likalipuliwa. Sasa fikiria uko upande wa kaskazini na watoto, daraja hilo limeenda na nyuma yako kuna askari wanachoma nyumba, wanaswaga ng'ombe kwa maelfu kuwapeleka kwao. Watu waliuawa, wanawake wakafanyiwa mabaya, wengine wakachukuliwa. Na kanisa la Kyaka lile la kilimani likaharibiwa, magofu yake yapo mpaka leo, kuta zimesimama bila paa.

Hapo ndo Asafu, mwenye zaburi hii, ananishika. Angalia mstari wa 4 mpaka wa 8, hasemi tu "Bwana tumeumizwa," anaeleza kitu kimoja kimoja, adui alivyonguruma ndani ya nyumba ya Mungu, mashoka yalivyoinuliwa kama ya watu wakata miti msituni, nakshi zilivyovunjwa kwa nyundo, halafu moto. Yaani anamtembeza Mungu ndani ya hekalu na kumwonyesha, ona hapa, na hapa. Sisi siku hizi tuna haraka sana ya kufika kwenye ushindi, mtu kapoteza nyumba tunamwambia Mungu atarudisha mara saba, hata hatujamuuliza nyumba ilikuwaje. Binafsi naona huo ni uvivu tunaouita imani. Biblia imempa aliyebomolewa ruhusa ya kutaja mlango, dirisha na paa mbele za Mungu, na kuuliza hata lini, na zaburi inaisha bado anaomba, jibu halijaandikwa.

Kuna jambo la pili na hili ni gumu kidogo. Januari 1979 jeshi letu lilivuka likaingia Mutukula, upande wa Uganda. Hasira ya Kyaka ilikuwa bado ya moto, mji ule ukasawazishwa kwa matingatinga, na raia wakauawa. Mwalimu hakufurahi, aliagiza jeshi lisiguse tena raia wala mali zao. Hii tunaiongea kwa sauti ya chini, najua, na wazee wengine watanikasirikia. Lakini mama wa Mutukula akifungua Zaburi 74 itamtosha vilevile kama inavyomtosha mama wa Kyaka, maneno hayohayo, na Mungu anayesikia ni yuleyule. Sisemi makosa yalikuwa sawa, aliyevamia ni Amin na hilo halina mjadala. Nasema tu machozi mbele za Mungu hayana digrii moja kusini.

Kwa maombi ya wiki hii, jirani zetu wa Kongo, Kivu ya Kaskazini, mji wa Sake uko kilomita kama 25 tu kutoka Goma na watu wake wamekimbia, wakarudi, wakakimbia tena kadiri mapigano yanavyosogea. Tusiombe ile sala ya "amani Kongo" halafu tukahamia ombi lingine. Tuchukue mstari wa 20 unaosema pembe za giza za nchi zimejaa ukatili, tuombe kwa kutaja, wanaolala kwenye maturubai, mwenye shamba ambalo halivuniki, mchungaji aliyebaki na waumini wachache. Na atakayeongoza maombi tafadhali asiiruke ile mistari ya mashoka, watu huwa wanaiona mirefu wanakimbilia mstari wa 12 panapoanza sifa.

Amina.