Kutoka lami hadi mlangoni

Jumapili, masika

Mvua imeanza alfajiri na mpaka sasa haijakata. Madalali leo wamenyamaza, na wanaotafuta nyumba wamejifungia ndani wakisubiri jua. Kumbe siku ya kwenda kuangalia nyumba Dar es Salaam ndiyo hii. Jua linaficha mengi. Bonde linaonekana uwanja, na kamfereji kakavu nyuma ya ukuta kanaonekana njia ya mbuzi.

Swali linalorudi kila mwaka ni lile lile: wapi pa bei nafuu, pana usalama, na kazini mjini panafikika? Watu wanataka wajibiwe kwa jina la mtaa. Goba. Chanika. Chamazi. Kibada. Kibamba. Bunju. Lakini jina halijibu kitu. Kinyerezi ya mlimani maji yanashuka yakaenda zake, Kinyerezi ya bondeni maji yale yale yanapokelewa, na kwenye tangazo zote mbili ni Kinyerezi. Kipimo kinachofaa ni kile kipande cha kutoka lami hadi mlangoni: urefu wake, udongo wake, taa zake, na nani anakipita saa tatu usiku.

Tuanze na hela, maana hapo ndipo wengi wanajidanganya. Tuseme chumba cha ndani ndani, mbali na lami, ni 50,000 kwa mwezi, na chumba cha aina hiyo hiyo karibu na stendi ni 100,000. Huku ndani unahitaji bodaboda ya 1,500 hadi lami, halafu daladala ya 700. Kwenda na kurudi ni 4,400 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni 114,400. Wa karibu na stendi analipa daladala tu, 36,400. Jumlisha na kodi: wa ndani anatoa 164,400, wa stendi 136,400. Chumba cha bei rahisi ndicho ghali. Na hapo hatujaingiza bodaboda ya usiku wa mvua, ambaye bei anaitaja akikutazama viatu.

Ziko pia gharama za kugeuza na gari. Asubuhi kwenye vituo vya katikati daladala inapita imeshajaa, kwa hiyo watu wanaipanda ikiwa inaelekea mwisho wa ruti, wanalipa nauli, wanageuka nayo wakiwa wamekaa, kisha wanalipa tena. Anayeishi mwisho wa ruti anapanda gari tupu. Ndiyo maana kituo cha mwisho, hata kikiwa mbali zaidi kwa kilomita, mara nyingi kinachosha kidogo kuliko kituo cha katikati. Ila konda akiamua kukatisha ruti jioni, wewe wa mwisho ndiye unayeshushwa njiani.

Lugha ya dalali nayo inahitaji mkalimani. "Dakika tano kutoka stendi" ni dakika tano za bodaboda. "Maji yapo" maana yake kipo kisima, pengine cha jirani. "Gari linafika" linafika kiangazi. "Umeme wa kujitegemea" mara nyingine ni mita ndogo iliyofungwa nyuma ya LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, moja kwa nyumba nzima. "Eneo tulivu" linaweza kuwa tulivu kwa sababu hakuna anayepita. Usimbishie, mwambie tu twende kwa miguu kutoka kituoni, na uwashe saa. Hela ya kuonyeshwa utaitoa, na ukipata nyumba atachukua kodi ya mwezi mmoja; basi angalau atembee.

Ukifika, kabla ya kusifia vigae, tazama ukuta kwa nje. Rangi mpya iliyoishia kiunoni, juu yake ya zamani, inaficha mstari wa maji. Tazama kizingiti: kama kimeinuliwa kwa tofali mbili zisizofanana na nyumba, mwenye nyumba anazuia kitu. Soketi zilizohamishiwa juu, viroba vya mchanga pembeni ya mlango, matofali yaliyopangwa uani kama madaraja ya kukanyagia, vyote vinasema jambo moja. Halafu nenda chooni. Sehemu ambayo maji ya ardhini yako juu, shimo linajaa masika hata kama wapangaji ni wawili, na kuna wenye nyumba wanaosubiri mvua kubwa ili watapishe, yaani wafungulie uchafu uende na maji. Mtaa unaotapisha vyoo ndio huo huo unaochimba visima.

Kuhusu mabonde, mji huu umeshafundishwa. Mafuriko ya Desemba 2011 ndiyo yaliyofanya Serikali iwahamishie wakazi wa Jangwani na jirani zake kule Mabwepande. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, lakini mto haukai ulipopimwa. Wachota mchanga wanalegeza kingo, na nyumba iliyokuwa mbali na maji inajikuta ukingoni bila kusogea hata hatua moja. Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, unapita Kinyerezi, Tabata, Vingunguti na Kigogo, kisha Jangwani hadi baharini. Ukikaa Kimara juu kabisa, pasipotuama maji, bado Jangwani ikijaa barabara inafungwa na basi lako la mwendokasi linaishia upande wa Magomeni. Kwa hiyo uliza hali ya hewa ya njia nzima.

Njia zenyewe nazipitia haraka. Barabara ya Morogoro ndiyo iliyotangulia kupata mwendokasi, mwaka 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni. Anayetoka Mbezi au Kibamba, kama anabadilisha gari Kimara, ahesabu na foleni ya hapo. Huko huko, mwaka 2017, nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya barabara kati ya Kimara na Kiluvya zilivunjwa. Mpangaji akiona alama ya X nyekundu ya bomoabomoa ukutani asilipe kodi ya mwaka hata kama ameahidiwa kwamba "hiyo ni ya zamani". Mbagala, Chamazi na Kongowe zinategemea Barabara ya Kilwa. Gongo la Mboto, Pugu na Chanika zinategemea Barabara ya Nyerere, pamoja na reli. Kabla hujaitegemea treni, nenda stesheni siku ya kazi, maana ikikuacha haina ya nyuma yake kama daladala. Tegeta, Boko na Bunju wanatumia Barabara ya Bagamoyo. Kigamboni ni hesabu ya peke yake: pantoni au daraja, na ulizia malipo kabla. Kibada na Toangoma zina viwanja vilivyopimwa, mitaa imenyooka na gari la zimamoto linapita, jambo ambalo uswahilini hulipati kwa hela yoyote.

Usalama haupimwi kwa urefu wa ukuta. Mtaa ambao kila nyumba ina chupa zilizovunjwa juu ya fensi na grili mbili mlangoni unakueleza historia yake. Nenda saa mbili usiku, ukae kwenye genge, ununue nyanya, uone. Mama lishe bado yupo? Duka la Mangi liko wazi, au anahudumia kupitia tundu la nondo? Wanawake wanaotoka kazini wanapita peke yao, au wanasubiriana pale kituoni ili waingie wengi? Muulize bodaboda wa kijiweni atakupeleka kwa bei gani saa tano usiku. Akitaja bei kubwa, ni biashara. Akikataa kabisa, amini alichokikataa. Kisha kamsalimie mjumbe wa mtaa, umuulize kama kuna ulinzi shirikishi na kila nyumba inachangia kiasi gani. Mjumbe anayejua majina ya walinzi ana mtaa; anayekwambia "hapa hakuna shida kabisa, karibu sana" anataka tu mgeni.

Maji yana mahesabu yake. Familia ya watu wanne ikitumia ndoo kumi za lita 20 kwa siku inafikisha lita 6,000 kwa mwezi, yaani uniti sita za mita ya maji. Kwa dumu la shilingi 100, hizo ni 30,000, mbali na kubeba. Kama ni kisima, omba kikombe, unawe kwa sabuni. Isipotoa povu, au birika la mwenyeji lina ukoko mweupe ndani, utakuwa unanunua ya kunywa pembeni. Simtanki iliyo juu ya mnara isikupumbaze. Gonga chini yake usikie kama ina kitu.

Umeme wa LUKU moja kwa wapangaji sita ndio mama wa ugomvi. Kuna bei nafuu ya wenye matumizi madogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, na nyumba ya wengi haiwezi kubaki humo. Mwenye pasi analipiwa na mwenye taa moja. Tangu 2021 kodi ya jengo nayo inakatwa kwenye LUKU, na anayekatwa ni yule anayenunua umeme. Hilo liandikwe kwenye mkataba: nani anabeba, na kama ni mpangaji, inapunguzwa kwenye kodi ya pango lini.

Siku ya kupewa ufunguo, kabla hujatoa hela ya miezi sita, chukua namba ya mita na ununue umeme kidogo, wa elfu mbili tu. Soma ujumbe wote. Kama kuna deni la aliyetangulia, litajitokeza hapo, mwenye nyumba akiwa bado amesimama mbele yako.