Jinsi nilivyorudisha programu ya stoo baada ya Visual C++ za zamani kufutwa

Kompyuta ya steshenari moja hapa Ngamiani, Tanga, ilisafishwa ili ipate nafasi. Aliyeisafisha aliona Visual C++ (vifurushi vya Microsoft vyenye mafaili ambayo programu nyingine huyahitaji ili zifunguke) zimejipanga, ya 2008, 2010, 2013, akabakiza mpya tu. Programu ya stoo ikagoma: faili la MSVCR100.dll halipo.

Namba hiyo ndiyo ya kuangalia. 100 ni toleo la 10, yaani Visual C++ 2010. 90 ni ya 2008, 120 ni ya 2013. Programu huita faili la toleo lililotumika kuitengeneza, kwa jina lake kamili, na toleo jipya halina faili hilo. Ni kuanzia 2015 tu ndipo Microsoft walipounganisha: programu za 2015 hadi 2022 hutosheka na kifurushi kimoja.

Nilipakua ya 2010 kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe. Tafadhali, msichukue dll moja moja kwenye tovuti msizozijua. Virusi hupita humo. Nikaweka x86 (ya biti 32) na x64 (ya biti 64) zote mbili, maana programu ya biti 32 huhitaji x86 hata kama Windows ni ya biti 64.

Stoo ikafunguka. Nikarudisha na ya 2013, iliyokuwa ikidaiwa na programu ya kuchapa vitambulisho.