Mstari mmoja kwa kila mashua: nilivyoipanga data ya kilo kwa upana

"Weka kaunta tu." Kila niliyemuuliza nigeuzeje mistari ya kila mwezi iwe mstari mmoja kwa kila mashua alinijibu hivyohivyo, na kaunta hiyo, yaani namba inayoongezeka moja kwa kila mstari, ndiyo iliyonipotezea wiki mbili nzima. Naandika ili mwingine asiumie kama mimi.

Kazi ilikuwa ya wenye mashua wanaoshusha samaki hapa Deep Sea, Tanga. Karani wao huandika kila mwezi namba ya chombo, mwezi na kilo, kwa hiyo chombo kimoja kina mistari mingi inayoshuka chini. Wao walitaka kila chombo kiwe na mstari mmoja, miezi 12 ikae kwa upana. Natumia SAS, programu ya kuchambua data, ile ya bure ya wanafunzi. Nilichotoa ni pesa ya bando, elfu ishirini na kitu.

Nikapanga data kwa namba ya chombo, nikaunda arei, yaani safu ya nafasi 12 niliyoiita m, nikaitia amri ya RETAIN ili kilo zisifutike programu inaposoma mstari unaofuata. Kisha kaunta: mstari wa kwanza nafasi ya kwanza, wa pili ya pili. Jedwali likatoka limejaa, zuri kabisa. Nikalichapisha nikashuka nalo pwani.

Nahodha mmoja mzee aliitikia shikamoo yangu, akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye mstari wake. Kikasimama Aprili, kilo 96.

"Mwanangu, hizi nilizivua wapi? Aprili chombo kilikuwa juu ya magogo tunakipiga kalafati."

Kidole kikasogea hadi Desemba, kilo 410. "Na hizi ni za jirani yangu. Nilikuwepo zinapimwa."

Yote mawili kweli. Mzee yule alikuwa na mistari minane tu: Aprili hadi Julai hakutoka, kwanza masika, kisha kusi. Kaunta haijui mwezi, inajua foleni. Machi ilipokwisha ikaipeleka Agosti kwenye nafasi ya nne. Nafasi nne za mwisho hazikuguswa, na RETAIN haiachi ilichoshika, basi zikabaki na kilo za chombo kilichotangulia.

Kaunta nikaitupa. Namba ya mwezi yenyewe ndiyo iwe namba ya nafasi:

m[mwezi] = sum(m[mwezi], kilo);

Na kila FIRST., yaani mstari wa kwanza wa chombo kipya, zungusha 1 hadi 12 ufute nafasi zote kwanza. OUTPUT, amri ya kuandika mstari wa jedwali, iwe kwenye LAST., mstari wa mwisho wa chombo, peke yake.

Hiyo sum msiidharau. Daftari la karani likijaa katikati ya mwezi anaanza jipya, kwa hiyo mwezi mmoja unaweza kuwa na mistari miwili. Ukijumlisha kwa alama ya + tu, pasipo na thamani panaumeza ujumlisho wote, unabaki na nukta, alama ya SAS ya mahali patupu.

Kuna aliyenishauri nijaze sifuri mahali patupu, jedwali lipendeze. Nilikataa na nitazidi kukataa. Sifuri maana yake mtu ameenda baharini akarudi mikono mitupu. Chombo kilicho juu ya magogo hakikutoka. Ukizichanganya, wastani wa mzee wa watu unashuka bila kosa lake.

Nilimpelekea karatasi mpya Jumamosi. Kidole kikaenda moja kwa moja Aprili, kikakuta nukta. Akaikunja karatasi, akaitia mfuko wa shati.